Je, Wajua? Mgongo wa Hamali na Saa ya Sheria

Je, wajua kuwa kibarua aliyechukuliwa bandari ya Kilindini, Mombasa, asubuhi kupakua shehena, akalipwa jioni, analindwa na Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007? Sheria hiyo inahusu kila mahali penye mtu anayefanya kazi, iwe ya muda au ya kudumu. "Wewe ni kibarua tu" ni maneno ya msimamizi.

Kofia ngumu, glavu na gambuti hutolewa bure na mwajiri. Akikukata hata shilingi kwenye mshahara kwa ajili ya vifaa hivyo, amevunja sheria.

Je, wajua kwamba sheria hiyohiyo inakataza kumtwika mfanyakazi mzigo ambao uzito wake huenda ukamuumiza? Sasa pita Marikiti, soko lililojengwa mwaka 1914 mpakani mwa Mji wa Kale, uwatazame mahamali na mikokoteni yao. Kanuni za mwaka 2019 ziliweka kilo 50 kuwa kikomo cha gunia la viazi. Zilikusudiwa kumkinga mkulima asipunjwe kwa lumbesa (gunia lililojazwa kupita kiasi), ingawa nadhani wa kwanza kushangilia angekuwa yule aliyekuwa akiibeba. Ila hamali ana shida nyingine, nayo ni kubwa: wengi wao hulipwa kwa safari na mwenye mzigo, leo huyu, kesho yule. Fidia hulipwa na mwajiri, na mkokoteni ukimwangukia mtu wa aina hiyo, mwajiri wake ni nani?

Mizigo ya melini ilifikiriwa mapema zaidi. Mwaka 1929 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kutaka kila furushi la kilo 1,000 au zaidi linalosafirishwa kwa meli liandikwe uzito wake kwa nje. Kwa makontena, ilibidi kungoja hadi Julai 1, 2016, ndipo ikawa lazima dunia nzima uzito uthibitishwe kabla kontena halijapakiwa melini. Wanaofanya kazi chini ya kreni hawahitaji kuelezwa maana ya karatasi yenye uzito wa uongo.

Ukiona hatari kubwa, mwambie msimamizi wako. Mpaka irekebishwe, mwajiri haruhusiwi kukurudisha pale, wala kukufuta kazi kwa sababu umelalamika.

Je, wajua saa huanza kuhesabu ukishaumia? Mwambie mwajiri upesi, hata kwa mdomo. Naye ana siku 7 za kumwarifu mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Mtu akifa, ni saa 24. Dai la fidia lina miezi 12, na hapo ndipo wengi hukwama: mtu anauguza mguu nyumbani akiahidiwa kwamba "tutakuangalia", mwaka unakatika. Ulemavu wa kudumu hupigiwa hesabu kwa kipato cha miezi 96, kulingana na kiwango cha ulemavu wenyewe. Na usikimbilie mahakamani. Baada ya mvutano wa zaidi ya miaka kumi, Mahakama ya Juu iliamua Desemba 3, 2019 kwamba dai lianzie kwa mkurugenzi.

Makuli wa Mombasa hawakungoja sheria hizi. Januari 13, 1947 bandari ilisimama, na mgomo ukaenea hadi reli na hotelini kwa siku 12. Walidai mishahara hasa.

Je, wajua kuwa safari ya kwenda kazini inaweza kuhesabiwa kuwa kazi? Ni pale mwajiri anapokupeleka bure kwa gari alilolitenga kwa shughuli hiyo. Ukiumia humo, umeumia kazini. Aprili 29, 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi ikielekea kisiwani, watu 272 wakafa, wengi wao wakienda kutafuta riziki. Walikuwa wamepanda feri ya umma, na kifungu cha sheria kinachohusu safari hizo hakiitaji feri ya umma.