Madina Okot Alihama Chuo, Lakini Usidhani Ni Rahisi Hivyo

Kuhama chuo Marekani si kama kushuka mat ya Busia hapo Kisian na kudandia ya Bondo. Cheki Madina Okot, yule dem mrefu wa Mumias aliyechezea Zetech. Alipiga msimu mmoja tu Mississippi State, kisha Aprili 2025 akahamia South Carolina kwa kocha Dawn Staley, mabingwa wa 2024. Hapo alipanda levo, hakuna story.

Sasa wewe unayepiga ball Kisumu ukiota ufadhili wa masomo, skiza vile inaenda. Unaambia chuo chako kikuweke kwa orodha ya wanaotaka kuhama, ndio makocha wengine waanze kukutafuta. Tangu 2024 unaweza kuhama hata mara mbili bila kukaa nje msimu mzima, bora gredi ziwe fiti.

Noma ni hii: ukishaingia kwa orodha, chuo chako kinaweza kukata ufadhili muhula ukiisha. Usipopata timu nyingine, umekwama mbali na home, na visa yako ya mwanafunzi inategemea uwe chuoni. Na ile doo wachezaji wa huko wanavuna kwa matangazo? Visa hiyo hiyo inawabana wageni, wengi wanaitazama tu ikipita.