Upatanisho wa Kisarufi katika Maelezo ya Seli Nyeupe za Damu

Mwalimu wa Kiswahili hatakiwi kuwa tabibu, lakini wanafunzi wake watasoma habari za afya kwa lugha anayowafundisha. Katika habari hizo, kiambishi kimoja kikikosewa, maana huweza kugeuka. Tuchunguze kifungu kifuatacho kuhusu neutrofili, yaani seli nyeupe zilizo nyingi zaidi katika damu ya mtu mzima mwenye afya.

Mwiba unapochoma kidole, vijidudu hupata njia ya kuingia mwilini. Tishu iliyojeruhiwa hutoa kemikali zinazoziita neutrofili. Seli hizo hupenya kuta za mishipa midogo ya damu na kuelekea penye jeraha. Kila seli hukizingira kijidudu, hukimeza, kisha hukiua kwa kemikali zilizomo ndani yake. Neutrofili haziishi muda mrefu. Zikifa kwa wingi penye jeraha, mabaki yake huwa sehemu ya usaha.

Mwaka 1882, huko Messina, Italia, mwanasayansi Élie Metchnikoff alimchoma lava wa kiti cha pweza kwa mwiba. Siku iliyofuata aliona seli zimeuzingira. Katika kitenzi “zimeuzingira”, zi- huwakilisha seli, ambazo ni mtenda, na -u- huwakilisha mwiba, ambao ni mtendwa.

Vivyo hivyo, katika “Seli imekimeza kijidudu”, i- ni ya seli (I-ZI) na -ki- ni ya kijidudu (KI-VI). Hata tukisema “Kijidudu, seli imekimeza”, mmezaji habadiliki. Lakini katika “Bakteria, seli imeimeza”, nomino zote mbili zina upatanisho wa I-ZI, na msomaji hawezi kujua kwa sarufi pekee ni ipi iliyomezwa. Waandishi wengine huipa nomino bakteria upatanisho wa A-WA kwa kuwa hutaja kiumbe hai: “Bakteria, seli imemmeza”. Hapo utata huondoka.

Sitiari nayo ina masharti yake. Neutrofili zikiitwa askari wa mwili, tutasema “Askari hawa wamevimeza vijidudu”. Tukirejea jina seli, tuseme “Seli hizi zimevimeza”. Sentensi “Askari hawa zimevimeza” ina kosa la upatanisho.

Zoezi: Andika upya aya ya pili ukitumia “askari” badala ya “neutrofili” na “seli”, kisha pigia mstari kila kiambishi kilichobadilika na ueleze sababu.