Vitwitwi wa Mida Wajiandaapo Kusafiri

Mwezi wa Aprili, maji yapwapo katika hori la Mida, karibu na Watamu nchini Kenya, vitwitwi hutawanyika matopeni wakidonoa minyoo. Vifua vyao, vilivyokuwa vyeupe, vimekuwa vyekundu kama tofali: ni vazi la harusi, kwani Juni watataga kaskazini mwa Siberia. Safari hiyo yahitaji mafuta mwilini. Gramu 1 ya mafuta hutoa kilokalori 9, ilhali ya wanga 4 tu. Basi kila saa ya kupwa wanayofukuzwa na wapitao ni akiba iliyopotea. Nani huwajulisha wakati, ilhali karibu na ikweta mchana haubadiliki sana? Wataalamu wataja saa iliyo ndani ya mwili. Wachache waonekanao Juni aghalabu ni vijana wasiozaa bado.