Swali la Mtengeneza Aiskrimu wa Magamba

Asafiriye kutoka Lushoto kwenda Shume hupita Magamba. Hapo, mwaka 1963, Erasto Mpemba, mvulana wa kidato cha tatu, aliona jambo ambalo wanafizikia hawajaacha kulibishania. Hakuwa akifanya utafiti. Alikuwa akitengeneza aiskrimu.

Desturi ya wanafunzi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka katika friji. Lakini nafasi ya friji ilikuwa haba. Siku moja mwenzake, akiiwania nafasi hiyo, aliweka maziwa yasiyochemshwa. Mpemba, kwa kuchelea kukosa pa kuweka, akayaingiza yake yangali moto, ijapokuwa alihofia kuiharibu friji. Baada ya saa moja na nusu ya kwake yalikuwa yameganda. Ya mwenzake bado.

Alipomwuliza mwalimu wa fizikia sababu yake, alijibiwa kwamba amechanganyikiwa, kwani jambo hilo haliwezekani. Hapa ndipo tunapomwomba mwanachuo atue kidogo. Mwalimu yule hakuwa mjinga. Alijibu kama kitabu kinavyofundisha. Kosa lake ni kwamba friji ilikuwapo, maziwa yalikuwapo, naye hakwenda kutazama. Baadaye Mpemba alipata habari kwamba watengenezaji wa aiskrimu mjini Tanga huziweka zikiwa moto ili zigande upesi. Wachuuzi walikwisha kulijua jambo ambalo darasa lililikana!

Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na kila kosa lake likaitwa kwa dhihaka fizikia ya Mpemba. Hata hivyo alijaribu kwa maji katika maabara, na Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, alipoitembelea shule, akamwuliza mbele ya wenzake waliomcheka. Osborne naye alidhani kijana amekosea, lakini aliahidi kupima, akapima. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala ya pamoja.

Si kwetu tu. Huko Marekani, ndugu Wright walioirusha ndege mwaka 1903 walikuwa mafundi baiskeli, wala hapana aliyekuwa na cheti cha sekondari.

Je, Mpemba alikuwa sahihi? Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walipima maji huko Uingereza, wasilione jambo hilo. Wengine hutaja mvuke unaopunguza maji ya moto, wengine mzunguko wa maji ndani ya chombo. Mwalimu asione haya kuwaambia watoto kwamba wakubwa bado wanabishana.

Shule nyingi za msingi hazina friji, lakini asubuhi za Shume zina baridi ya kutosha kuanzia. Twaa makopo mawili yaliyo sawa, utie kila moja vikombe viwili vya maji ya moto yasiyounguza. Moja lifunikwe, la pili liachwe wazi. Kwanza watoto wabashiri, na ubashiri wao uandikwe ubaoni, hata ule unaochekesha. Kila baada ya dakika kumi waguse makopo. Mwishoni wayapime maji yaliyobaki. Usiwape jibu mapema. Makundi yakitofautiana, warudie kesho yake, na safari hii wao wenyewe wachague pa kuyaweka makopo.