Picha imefika, sauti imebaki wapi?

"Shem, video inacheza vizuri tu, ila bubu." Ujumbe huo uliniingia saa tatu usiku kutoka kwa shemeji yangu, ambaye kazi yake ni kunukuu mahojiano: anasikiliza, anaandika neno kwa neno. Mwajiri wake hataki rekodi za watu zishushwe kwenye kompyuta za nyumbani. Zote ziko kwenye seva ya kukodi iliyopo Frankfurt, Ujerumani, naye akiwa Mbeya anaingia humo kwa laptopu yake na kufanya kazi kana kwamba amekaa mbele ya mashine yenyewe. Alikuwa amekwisha kupandisha sauti ya laptopu mpaka mwisho na kujaribu hedifoni mbili.

Laptopu yake haikuwa na kosa lolote. Seva ndiyo haikuwa na kadi ya sauti, na ingekuwa nayo kwa ajili ya nani? Chumba kile kina feni na makabati ya chuma, hakuna mtu wa kusikiliza. Video ikichezwa humo, programu huuliza sauti ipelekwe wapi, na mfumo usipopata kifaa chochote hutengeneza spika ya uongo inayomeza kila kinachoingia. Kwenye Linux, ukiandika amri pactl list short sinks utaikuta spika hiyo kwa jina lake: auto_null. Ndiyo tuliyoiona usiku ule, iko peke yake kwenye orodha.

Lakini picha ilifikaje? Picha na sauti hazisafiri pamoja. VNC, mojawapo ya njia za kuingia kwenye kompyuta ya mbali, iliyobuniwa katika maabara moja ya Cambridge, Uingereza, miaka ya 1990, kwa kanuni zake za msingi hubeba picha, kipanya na kibodi, si mkondo wa sauti. Anayetafuta kitufe cha sauti kwenye VNC ya kawaida atakesha. RDP, njia ya Microsoft ya kazi hiyohiyo, iliyotoka mwaka 1998, nayo ilianza bubu; sauti ilikuja na Windows XP mwaka 2001, kwa kuchimba mfereji wa pembeni ndani ya muunganisho uleule. Mfereji huo, rdpsnd, ni wa hiari. Upande mmoja ukiukataa, picha inaendelea kama kawaida na hakuna anayekuonya.

Kwenye seva ya Linux, mpokeaji wa wageni wa RDP mara nyingi ni programu iitwayo xrdp. Picha inaimudu yenyewe. Kwa sauti inahitaji moduli ya ziada, inayoiaminisha PulseAudio, programu inayosimamia sauti kwenye Linux, au PipeWire iliyokuja kushika nafasi yake, kwamba spika ipo. Spika hiyo ya kujifanya huitwa xrdp-sink. Chochote kinachochezwa humo hukabidhiwa xrdp, xrdp inakimwaga mferejini, na laptopu ya Mbeya inakitoa kwenye hedifoni.

Moduli ya PulseAudio hujengwa kwa kufuata toleo lilelile lililomo kwenye seva. Siku mfumo ukijisasisha, toleo linapanda, moduli inabaki kwenye folda ya toleo la zamani, na kesho yake ni kimya. Mtumiaji ataapa kwamba hajagusa kitu, na anasema kweli.

Mimi mwenyewe nilipoteza nusu saa kwa kosa la kijinga. Niliingia kama root, msimamizi mkuu, nikaandika pactl, nikajibiwa kwamba muunganisho umekataliwa. Nikazima na kuwasha kila kilichowezekana. Kumbe PulseAudio huendeshwa na kila mtumiaji ndani ya kikao chake, kama chungu cha kila nyumba: root akifunua cha kwake, hakuna mboga. Ukaguzi ufanyike ndani ya dirisha la mtumiaji mwenye shida.

Wenye Windows Server kazi yao ni nyepesi. Huduma ya Windows Audio mara nyingi imelala tangu mfumo uliposakinishwa. Iamshwe, iwekwe ijiwashe yenyewe. Kisha fungua kwa Notepad faili la .rdp unalotumia kuingia kwenye seva, utafute mstari wa audiomode:i:0. Sifuri maana yake sauti ije kwako. Mbili ni kimya. Moja ni sauti ibaki hukohuko kwenye seva, yaani unazipigia feni muziki.

Sauti ikishafika, bando nalo linaanza kuyeyuka. Sauti ya kiwango cha CD isiyobanwa ni sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja biti 16, mara mikondo miwili: biti 1,411,200 kila sekunde, kama MB 635 kwa saa. Ikibanwa hadi biti 128,000 kwa sekunde, saa nzima haifiki MB 60. Kwa hiyo kabla ya kulaumu mtandao unapoisikia ikikatakata, hakikisha xrdp yako ilijengwa pamoja na uwezo wa kubana sauti.

Maikrofoni ina mfereji wake, unaokwenda kinyume. Kwenye faili la .rdp huwashwa kwa audiocapturemode:i:1. Mimi simshauri mtu kufanyia mikutano ya video humo. Kwa mazungumzo, mwongozo wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, unapendekeza ucheleweshaji wa kwenda usizidi milisekunde 150, na sauti ya Mbeya inayopitia Frankfurt kumfuata mwenzako Dar es Salaam itaimaliza posho hiyo haraka. Mnukuzi yeye hadaiwi jibu na mtu. Rekodi ikichelewa robo sekunde lakini ikatiririka bila kukatika, imemtosha.

Moduli ilipokaa mahali pake, ilipokaribia saa sita, niliona xrdp-sink kwenye orodha, nikamwambia afungue rekodi yoyote. Alikaa kimya kidogo, kisha akaandika: "Nasikia jogoo. Huyu bibi alihojiwa uani."