Kwa Nini Saa Yako na Kibao cha Mbio Havipatani

Kila baada ya mbio za barabarani, iwe Moshi, Dar es Salaam au Nairobi, hazikosi kurushwa picha za saa kwenye magrupu ya WhatsApp. Mmoja saa yake imesoma kilomita 21.38, mwingine 21.27, na wote wametoka kukimbia nusu marathoni, yaani kilomita 21.0975. Lawama humwangukia mwandaaji: ametuongezea njia. Mara nyingi anasingiziwa. Saa yenyewe huongeza, na sababu yake imeshapatikana kihesabu.

Saa ya GPS haipimi umbali moja kwa moja. Kazi yake ni kukadiria mahali ulipo, tena na tena, kisha kuunganisha nukta hizo kwa mistari. Ili kujua ulipo, hupokea mawimbi ya redio kutoka kwenye satelaiti zilizo kiasi cha kilomita 20,000 juu yetu na kukokotoa kila wimbi limechukua muda gani kufika. Mawimbi hayo huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo kosa la sehemu moja ya bilioni ya sekunde ni kosa la sentimita 30. Anga huyachelewesha kidogo, maghorofa huyadundisha, na nukta yako huangukia mita moja, mbili au zaidi pembeni ya pale ulipokanyaga.

Mtu angedhani makosa hayo yatafutana, kwa kuwa mengine yako kushoto na mengine kulia. Kwenye umbali hayafutani. Chukua barabara iliyonyooka, saa ikiweka nukta kila mita 10: moja mita 1 kushoto, inayofuata mita 1 kulia. Kwa ile kanuni ya Pythagoras tuliyokaririshwa shuleni, kutoka nukta hadi nukta si mita 10 tena, ni mita 10.2. Kilomita 1 itasomeka mita 1,020. Wakitoka watu wawili baa moja kwenda nyumba moja, aliyelewa na asiyelewa, anayepepesuka ndiye atakayetembea mwendo mrefu zaidi, hata kama kila akiyumba kushoto huyumba tena kulia.

Mwaka 2015 Peter Ranacher na wenzake, watafiti kutoka Austria na Uholanzi, walilithibitisha jambo hili kwa hesabu na kwa majaribio: kwa wastani, makosa ya nukta hurefusha umbali. Walionyesha pia kwa nini hali halisi si mbaya kama mfano wangu. Makosa ya nukta zinazofuatana hufanana, yaani nukta kadhaa huelemea upande mmoja kwa pamoja, hivyo mstari hauyumbi sana. Kwenye kona kali mambo yanaweza kugeuka. Saa inayochukua nukta chache hukata kona, na hapo hupunguza umbali badala ya kuuongeza.

Basi vibao vya kilomita huwekwa kwa kipimo gani? Kwa baiskeli. Mwaka 1961 Mwingereza John Jewell alichapisha utafiti wake uliolinganisha njia za kupima barabara, na baiskeli iliyosawazishwa kwa umbali unaojulikana ikaonekana kufaa. Ted Corbitt wa New York, aliyekimbia marathoni ya Olimpiki Helsinki mwaka 1952, akaichukua kazi hiyo na kuieneza Marekani kwa kitabu chake cha mwaka 1964. Mwaka 1971 mhandisi Alan Jones na mwanawe Clain wakatengeneza kihesabio kidogo cha kufunga kwenye ekseli ya gurudumu la mbele, kilichohesabu mara 20 kila gurudumu lilipozunguka. Kwa gurudumu la kawaida, kila hesabu ilikuwa kama sentimita 10 za lami.

Mpimaji kwanza hupima kipande cha barabara iliyonyooka, angalau mita 300, kwa tepu ya chuma. Hukipita kwa baiskeli mara nne kabla ya kazi na mara nne baada ya kazi. Marudio hayo ni kwa ajili ya tairi. Jua likipanda, upepo ulio ndani hutanuka, gurudumu linakuwa kubwa kidogo, na hesabu za kilomita moja hupungua. Kipimo cha alfajiri peke yake hakiwezi kuaminiwa hadi saa sita mchana.

Njia yenyewe hupimwa kwa mkato mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji angeweza kuupita kihalali: kona kwa kona, sentimita 30 tu kutoka kwenye ukingo. Wewe unayekimbia katikati ya umati huipati njia hiyo. Ukizunguka kona ya nyuzi 90 mita 1 nje ya mstari wa mpimaji, umeongeza zaidi ya mita moja na nusu, na marathoni ina kona nyingi. Kwa hiyo sehemu fulani ya ile ziada iliyo kwenye saa yako umeikimbia kweli.

Kisha mpimaji huongeza kwa makusudi mita 1 katika kila mita 1,000, ili kosa lolote likitokea liangukie upande wa kurefusha. Kwa marathoni ni mita 42. Marehemu Kelvin Kiptum wa Kenya alipoweka rekodi ya dunia ya saa 2:00:35 Chicago mwaka 2023, kwa mwendo wake mita 42 zilikuwa sawa na sekunde 7.

Pasipo tahadhari hiyo, gharama ni kubwa. Mwaka 1981 Alberto Salazar alishinda marathoni ya New York kwa saa 2:08:13, akashangiliwa kwa kuvunja rekodi ya dunia ya Derek Clayton ya mwaka 1969, saa 2:08:33. Miaka kadhaa baadaye njia ikapimwa upya na kukutwa imepungua mita 148. Kwa kasi yake, mita hizo ni sekunde 27. Ongeza: 2:08:40. Rekodi ikafutwa.

Huhitaji kihesabio cha Jones kupata kilomita ya kweli mtaani kwako. Azima tepu ya chuma kwa mpima ardhi, upime mita 300 kwenye barabara iliyonyooka. Jaza upepo vizuri, piga chaki kwenye tairi la mbele, kisha endesha taratibu huku mwenzako akihesabu. Sehemu ya mzunguko isomwe kwa spoki: gurudumu likiwa na spoki 36, kila spoki ni karibu sentimita 6. Tuseme umepata mizunguko 142 na spoki 18, yaani 142.5. Kilomita 1 basi ni mizunguko 475. Ongeza nusu mzunguko ya tahadhari, endesha mizunguko hiyo, kisha upige rangi mwanzo na mwisho. Rudia mita 300 kabla hujarudisha tepu, uone kama tairi limebadilika.

Saa usiitupe. Kwa kulinganisha mazoezi ya Jumatatu na ya Alhamisi kwenye njia ileile inatosha kabisa. Lakini ukiwa kwenye mbio zilizopimwa kwa baiskeli, kasi ikokotoe kwa vibao. Anayelenga nusu marathoni ya saa 2 kamili kwa kufuata kasi inayosomwa na saa, na saa ikamwongezea mita 280, atavuka mstari akiwa amechelewa kama dakika moja na nusu, huku mkononi inaonyesha alikuwa ndani ya muda njia nzima.