Mwenye ufunguo wa tatu

Ukishuka Mnazi Mmoja jijini Dar es Salaam, ukaelekea upande wa Maktaba Kuu ya Taifa, unatembea ndani ya jina la mwanamke. Barabara ya Bibi Titi Mohamed ina foleni, vumbi, wauza maji na wanafunzi wanaokimbilia vyuo vya DIT na CBE. Niliwahi kumuuliza binti mmoja aliyekuwa akisubiri daladala pale kama anajua Bibi Titi alikuwa nani. Akafikiri kidogo. "Si yule wa uhuru?" Nikamwambia ndiye. "Alifanya nini?" Daladala ikaja, akaning'inia mlangoni, na jibu likabaki kwangu.

Ningekuwa na nafasi ningemwambia kwanza kwamba Bibi Titi alikuwa mwimbaji wa ngoma. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Elimu yake ya shule iliishia darasa la nne. Alipovunja ungo aliwekwa ndani, kama desturi ya mji ilivyotaka, na akaozwa akiwa na miaka 14 hivi kwa mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali. Ndoa hiyo haikudumu. Kwa vipimo tunavyotumia leo kumpima msichana, yaani vyeti, umri wa kuolewa na kazi ya mshahara, mtu angemwandika kwenye daftari la walioshindwa kabla hajafika miaka ishirini.

Mwaka 1955 chama cha TANU, kilichodai uhuru wa Tanganyika, kilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Alikuja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza swali ambalo wenyeji hawakuwa wamejiuliza vya kutosha: wanawake wenu wako wapi? Viongozi walikuwa na kadi, katiba na wasomi kadhaa, lakini hawakuwa na njia ya kuingia uani, mahali wanawake wa Dar es Salaam walipoishi na kuamua mambo yao. Schneider Plantan, mmoja wa wazee wa harakati hizo mjini, akamwendea Bibi Titi. Hakumfuata kwa kuwa alisoma. Alimfuata kwa kuwa wanawake walimjua na walikuwa wamezoea kumwitikia.

Naye hakuanza kwa kuhutubia. Alikwenda kwa viongozi wenzake wa ngoma, nyumba hadi nyumba. Mwanahistoria Susan Geiger, aliyekaa na wanawake hao akaandika simulizi zao katika kitabu cha TANU Women kilichotoka mwaka 1997, anaeleza kwamba miezi michache ilitosha kuandikisha wanawake wapatao 5,000. Wanaume walikuwa wakitembea na kadi zile zile kwa muda mrefu zaidi bila kupata wanawake wa kujaza hata chumba kimoja.

Hapa inafaa tukae kidogo, maana ngoma zile zimedharauliwa sana. Kijana wa leo akisikia "ngoma" anafikiria viuno. Vikundi vya ngoma ya lelemama vya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Lamu vilikuwa na mambo mengine mengi ndani yake. Kulikuwa na mkubwa wa kikundi na wasaidizi wake, kila mmoja na cheo chake. Kulikuwa na michango, na mtu wa kuitunza. Kulikuwa na sare zilizoshonwa kwa mpango, na ole wake asiyelipia. Kulikuwa na mashindano baina ya kundi na kundi, na mashairi yaliyotungwa usiku kucha ili kesho mpinzani akose pa kuficha uso. Mombasa, Ibinaal Watan na Banu Saada walishindana miaka na miaka, na wanawake waliojifunza uongozi humo ndio waliokuja kuanzisha vyama vya wanawake wa Kiislamu vilivyosimamia elimu na haki zao. Aliyewahi kuandaa ngoma ya siku tatu, akapatanisha watu waliogombania kanga na akasimama mbele ya mamia ya watu akaimba jina la adui yake bila sauti kutetemeka, huyo haambiwi "jiamini". Utamwambia ajiamini kwa lipi tena?

Nalisema hili kwa sababu nimehudhuria hafla za siku hizi za kuwajenga wasichana. Mhamasishaji anafika na kipaza sauti na fulana yenye maandishi. Anawaambia mabinti wasimame, washike vifua, waseme kwa sauti: mimi ni jasiri, mimi naweza. Ukumbi unatikisika. Picha zinapigwa. Halafu mgeni rasmi anakuja, na mabinti wale wale wanaambiwa wakae pembeni wagawe soda. Sisemi maneno yale ni mabaya. Nasema kwamba mtoto haamini maneno. Anatazama anapewa kazi gani baada ya maneno kwisha.

Angalia nyumbani. Kuna kikao cha harusi ya kaka. Wajomba na baba wadogo wamekaa sebuleni, na mvulana wa miaka kumi na minne ameitwa akae nao ili ajifunze. Dada yake wa miaka kumi na saba, anayejua hesabu kuliko wote mle ndani, anaingia mara nne: kuleta chai, kuleta karanga, kutoa vikombe, kuleta maji ya kunawa. Bajeti ya vyakula inakosewa mbele yake, naye yuko kimya. Si kwamba hajiamini. Amesoma mazingira akayaelewa sawasawa.

Zanzibar ina kisa chake. Siti binti Saad alizaliwa kijijini Fumba mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, katika familia yenye asili ya utumwa. Kazi ya nyumbani kwao ilikuwa ufinyanzi, naye alitembeza vyungu akiuza huku sauti yake ikimtangulia. Alipoingia mjini, akajifunza taarabu, akaanza kuitwa kwenye majumba ya wakubwa, wapo waliokereka. Wakamtungia wimbo wa kumkumbusha umbo lake, shamba alikotoka na nguo alizovaa. Mwingine angerudi Fumba. Siti alijibu kwa wimbo, mbele ya watu wale wale waliocheka. Mwaka 1928 yeye na wanamuziki wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa kampuni ya HMV, na Kiswahili kikaanza kusikika kwenye gramafoni kutoka Lamu hadi bara. Shaaban Robert alipoandika wasifu wake alimpa heshima ambayo vitabu vya wakati ule viliwapa wanaume.

Ninachokipenda zaidi kwa Siti si safari ya Bombay. Ni wimbo wake kuhusu Kijiti, mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam. Muuaji alikimbia, na walioadhibiwa na mahakama wakawa wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu, kwa kosa la kununua pombe. Watu wa Ng'ambo, mtaa wa mjini Zanzibar, walilijua hilo na walinong'ona. Siti aliliimba. Alikuwa amefika mahali ambapo akikohoa mji unageuka, na nafasi hiyo akaitumia kwa mtu asiyeweza tena kujisemea.

Lakini nikiishia hapa nitakuwa nimefanya kosa lile lile la mhamasishaji: kuwapa wasichana mashujaa wawili na kuwatakia kila la heri. Viko vikwazo ambavyo haviko kichwani mwa msichana hata kidogo. Vimechapishwa kwenye karatasi za serikali.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nchini Tanzania inaweka miaka 18 kwa mvulana na 15 kwa msichana, kwa ridhaa ya mzazi. Rebeca Gyumi, mwanasheria kijana aliyeanzisha Msichana Initiative, alivipeleka vifungu hivyo Mahakama Kuu, na Julai 2016 akashinda. Mahakama ilisema vinapingana na Katiba na ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Baada ya hapo tukaingia kwenye mikutano ya kukusanya maoni, kana kwamba majaji wa ngazi mbili walikuwa wametoa maoni tu. Katika nchi iliyosubiri namna hiyo, kumwambia binti wa darasa la saba kwamba kikwazo chake ni hofu ni kumwonea.

Au chukua wajawazito. Kwa miaka mingi binti akipata mimba shuleni alifukuzwa, na Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba hatarudi katika shule za serikali. Mvulana mwenziwe, kama alikuwa mwanafunzi na hakukamatwa, aliendelea na mtihani. Mwezi Novemba 2021 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo waliojifungua, wanaruhusiwa kurejea katika shule za kawaida. Mlango ukafunguliwa. Ila mlango wa shule una njia ndefu mbele yake: nani atamshika mtoto saa mbili asubuhi, nani atanunua sare mpya kwa mwili uliobadilika, na mwalimu atasema nini siku ya kwanza mbele ya darasa. Wapo walimu wanaosema "karibu" na kuendelea na somo. Wapo wanaotania. Utani mmoja unaweza kumrudisha binti nyumbani haraka kuliko waraka wowote wa wizara.

Na taulo za kike. Mwaka 2018 kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa kwenye pedi. Mwaka 2019 ikarudishwa, kwa maelezo kwamba wafanyabiashara hawakushusha bei. Kenya ilikuwa imeiondoa tangu 2004. Msichana anayekaa na sweta kiunoni siku nzima akiogopa kuitwa ubaoni, usimpe semina. Mpe pedi, na choo chenye maji na komeo.

Turudi kwa Bibi Titi, maana hadithi yake haikuisha vizuri kama barabara inavyodokeza. Baada ya uhuru aliongoza Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, akawa mbunge na waziri mdogo. Mwaka 1965 akashindwa ubunge Rufiji. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipokataza viongozi kupangisha nyumba, hakukubaliana nalo, na akaachia nafasi zake katika chama. Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, akashtakiwa pamoja na wengine, akahukumiwa kifungo cha maisha. Aliachiwa mwaka 1972 kwa msamaha wa Rais. Akiwa gerezani ndoa yake ya baadaye nayo ilivunjika. Wengi wa waliokuwa wakijaa kibarazani kwake hawakuonekana tena. Aliishi miaka mingi bila jina lake kutajwa kwenye sherehe za jambo alilolijenga, hadi miaka ya tisini alipoanza kukumbukwa. Alifariki Novemba 2000 katika hospitali huko Johannesburg.

Simfichi msomaji sehemu hii. Tunapowaambia wasichana wapaze sauti, tuwaambie pia kwamba sauti ina gharama, na kwamba siku ya gharama mtu anahitaji wenzake kuliko anavyohitaji makofi. Bibi Titi alipanda akiwa na kundi zima la wanawake nyuma yake. Alipoanguka chama kilikuwa kimeshawageuza wanawake wale kuwa wapokea wageni uwanjani, na wengi wao hawakuwa na mahali pao wenyewe pa kusimama wakasema, huyu ni wetu.

Ndiyo maana siku hizi nikitaka kuona mahali wanawake wanapojengeka siendi ukumbini. Naenda kwenye VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa. Jumamosi moja nilikaribishwa kukaa nyuma ya kikundi kimoja cha wanawake, chini ya mwembe, mabenchi yamekopwa kanisani na jamvi limetoka kwa jirani Mwislamu. Mwenyekiti ni muuza samaki. Katibu alimaliza kidato cha nne mwaka juzi, ana mtoto mgongoni, na anasoma kumbukumbu za kikao kilichopita kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Kila mmoja akiitwa namba anasimama na kutamka hisa zake mbele ya wote. Yuko mama mmoja ambaye, nilivyoambiwa, miezi mitatu ya kwanza alikuwa akimnong'oneza jirani ndiye amsemee. Siku ile alisimama akapinga hesabu ya faini yake, wakabishana, daftari likafunguliwa, na akaonekana yuko sahihi. Aliketi bila kutabasamu, kama mtu aliyerudishiwa chenji yake.

Fedha zao hukaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu hukaa kwa wanachama watatu tofauti, ili mmoja asiweze kulifungua peke yake. Saa tisa na nusu wawili walikuwa wamefika, wa tatu hajafika. Nikauliza kama hawawezi kuanza bila yeye. Wakanitazama kama mgeni. Mmoja akaenda njiani kuchungulia. Mwingine akapiga simu, haikupokelewa. Hatimaye wakamwona anakuja mbio kutoka bondeni, kanga moja begani, ufunguo ukining'inia kwenye kamba shingoni, binti wa miaka kama kumi na tisa hivi, akisema samahani kutoka mbali. Wanawake thelathini walisogea kumpisha afike kwenye sanduku.